Bendi kongwe ya roki: uwanjani, ukumbini, au bustanini hapa Malindi?

Mpenzi wa roki ya zamani anayeishi Malindi ana njia tatu za kuisikia ikipigwa na watu walio mbele yake. Anaweza kufunga safari ng'ambo akaingia uwanja wa mpira pamoja na watu 50,000 au zaidi. Anaweza kufunga safari hiyo hiyo lakini akachagua ukumbi wa viti, wa watu elfu mbili hadi elfu tano. Au anaweza kubaki mjini, avae makubadhi yake, apande tuktuk hadi hoteli ya ufukweni ambako bendi ya hapa hupiga zilipendwa na kopi za roki.

Wengi huanza kulinganisha kwa bei ya tiketi. Tiketi iache mwisho, maana kwa mtu anayetoka Malindi ni sehemu ndogo ya gharama: kuna viza, ndege, malazi na siku za kazi zinazopotea. Anza na maswali mawili. Nani hasa atapanda jukwaani? Na wewe utakuwa umbali gani kutoka kwake?

Jina la bendi na watu wa bendi

Bendi iliyoanza miaka ya 1960 imezika watu. Hilo halikwepeki, na si sababu ya kuisusa. Cha kujua ni kilichobaki.

Rolling Stones ilianzia London mwaka 1962. Charlie Watts, mpiga dramu wao, alifariki Agosti 2021 na Steve Jordan akakalia kiti chake. Lakini Mick Jagger na Keith Richards, wote wa 1943, ndio walioendelea kuubeba mzigo: sauti ni ile, na gitaa ni lile. Queen ni hadithi nyingine. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alifariki 1991, na John Deacon wa besi akajiondoa kwenye muziki miaka michache baadaye. Katika maonyesho ya miaka ya karibuni waliobaki ni Brian May na Roger Taylor, na anayeimba ni Adam Lambert, ambaye wala hajaribu kumwiga Mercury. Hapo unalipia gitaa la May na dramu za Taylor. Mwenye kwenda akitarajia sauti ya Mzanzibari atarudi amenuna, na kosa litakuwa lake.

Lynyrd Skynyrd wamefika mbali zaidi. Tangu Gary Rossington alipofariki Machi 2023, hakuna mwanzilishi hata mmoja aliye hai. Anayeimba ni Johnny Van Zant, mdogo wake Ronnie, mwimbaji wa kwanza aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1977. Johnny alichukua maikrofoni mwaka 1987, kwa hiyo ameimba nyimbo hizo miaka mingi kuliko kaka yake. Je, hiyo ni bendi yenyewe au ni jina tu? Kwa maoni yetu, kila bendi ina kiungo kimoja kisicho na mbadala. Kikiwepo, nenda. Kikikosekana, fikiri mara mbili. Kwa AC/DC kiungo hicho ni gitaa la Angus Young. Mwaka 2016 mwimbaji wao, Brian Johnson, aliambiwa na madaktari aache kuimba jukwaani la sivyo atakuwa kiziwi, akaingia Axl Rose ambaye usiku wake wa kwanza, Lisbon, aliimba ameketi kwa sababu mguu ulikuwa umevunjika. Lakini mkong'oto wa Angus ulikuwa pale pale, na onyesho likasimama imara.

Mashabiki wa dansi hawana haja ya kufundishwa haya. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ikaanza 1978. Waimbaji na wapiga magitaa wamepita kwa makumi, lakini shabiki anaujua mpigo kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kukagua ni kazi ya nusu saa. Tafuta orodha ya wanamuziki wa ziara ya sasa, si ya albamu. Kisha angalia video zilizochukuliwa kwa simu na watazamaji ndani ya miezi sita iliyopita. Video za matangazo zimesafishwa studio, hazikusaidii. Angalia pia kama jina linatumiwa na makundi mawili. Wapenzi wa rege hapa Pwani wanaijua kesi ya UB40: baada ya mwimbaji wao Ali Campbell kuondoka mwaka 2008, kukawa na UB40 yenyewe na nyingine inayobeba jina hilo likiambatana na lake. Na usome maandishi madogo ya bango. Likisema "usiku wa nyimbo za" bendi fulani, hao ni wapiga kopi. Si dhambi, lakini tiketi yao isifanane na ya wenyewe.

Koo la mzee

Sauti ya mtu wa miaka 75 haifiki juu ilikofika akiwa na 25. Bendi zenye akili hulishughulikia jambo hili waziwazi, na ukijua mbinu zao hutashtuka.

Ya kwanza ni kushusha magitaa. Nyuzi zote hulegezwa nusu toni au toni nzima, na wimbo wote unashuka nao. Jaribu mwenyewe: cheza rekodi ya zamani, ushike sauti ya kwanza ya kiitikio kwa kuimba mdomo umefumba, kisha fungua video ya mwaka huu. Ikiwa inabidi ushuke kidogo ndipo mkutane, wameshusha. Hilo halina ubaya wowote. Gitaa lililolegezwa hutoa mlio mzito zaidi, na wapo wanaoupenda kuliko wa awali.

Ya pili ni mapumziko yaliyofichwa. Katika maonyesho ya Rolling Stones, Keith Richards huimba nyimbo mbili tatu katikati, na muda huo Jagger yuko nyuma ya pazia anavuta pumzi. Deep Purple huacha nafasi ndefu za kinanda na gitaa wakati Ian Gillan amepumzisha koo. Anayelalamika kwamba solo ni ndefu mno hajui kwamba bila solo hiyo nyimbo tatu za mwisho zisingeimbika.

Ya tatu ndiyo ya kutilia shaka: sauti iliyorekodiwa ikichezwa chini ya ile hai. Dalili yake huonekana kwenye video hizo hizo za simu. Mwimbaji anashusha maikrofoni kifuani na neno linaendelea. Au kiitikio kinatoka na sauti sita ilhali jukwaani wanaoimba ni watatu. Mpiga dramu kuvaa vipokea sauti si ushahidi. Wengi huvaa ili kusikia mapigo ya kuwaongoza, au kuwasikia wenzao tu. Kiitikio kilichonenepeshwa kidogo tunakivumilia. Mwimbaji mkuu akiwa wa kwenye kanda, baki nyumbani uisikilize hiyo kanda.

Na wakati mwingine koo linakataa kabisa. Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023, wakapiga mara tatu, mwimbaji wao Steven Tyler akaumia kooni. Ziara ikaahirishwa, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kwamba haitarudi tena barabarani. Mwaka 2019 Rolling Stones walisogeza ziara nzima ya Marekani kwa sababu Jagger alifanyiwa matibabu ya vali ya moyo. Waliokuwa na tiketi za Aerosmith walirudishiwa pesa zao. Nauli ya ndege hairudishwi na bendi yoyote.

Uwanja na ukumbi: sauti inafikaje kwako

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo watu hupoteza fedha nyingi bila kujua kwa nini hawakufurahi.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiketi mita 100 kutoka jukwaani, mlio wa dramu unakufikia karibu theluthi ya sekunde baada ya jicho kuona fimbo ikishuka. Ndiyo maana viwanja hujengewa minara ya spika katikati, ambayo sauti yake hucheleweshwa kwa mitambo ili ilingane na ile inayotoka mbele. Ikipangwa vizuri, masikio yanakubali. Lakini macho yako hayatakubali, kwa sababu mtu wa jukwaani kwa umbali huo ni mdogo kuliko ukucha wako, na unachotazama kwa saa nzima ni skrini. Uwanja wa Wembley unachukua watu 90,000. Mwenye kiti cha juu kabisa amelipa nauli kutoka Malindi ili aone televisheni kubwa kwenye baridi.

Uwanja pia hauna paa, au una nusu paa. Upepo ukivuma, sauti za juu huyumba: neno linakuja, linapotea, linarudi. Besi haisumbuki na upepo, lakini ina ugonjwa wake. Spika za besi zikipangwa kushoto na kulia tu, mlio wao hujumlika kwenye mstari wa katikati na kufutana pembeni. Hatua chache kando unaweza kuhama kutoka besi ya kutikisa kifua hadi besi ya redio ya mkulima.

Ukumbi una adui mwingine, mwangwi. Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871 na yenye viti zaidi ya 5,000, ilisumbuliwa na mwangwi wa kuba lake kwa karibu miaka 100, hadi mwaka 1969 yalipotundikwa darini masahani makubwa ya kutawanya sauti. Kumbi za saruji tupu na za michezo, zenye kuta ndefu zisizo na mapazia, huchanganya dramu na besi kuwa uji. Lakini ukumbi mzuri wa tamthilia, wenye viti vya kitambaa na roshani, ndio mahali ambapo unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Unamwona mzee akigeuka kumpa ishara mpiga kinanda. Unamwona fundi akimletea gitaa jingine lenye nyuzi zilizolegezwa tayari. Hayo huwezi kuyapata uwanjani hata ukikaa mbele.

Kuhusu kukaa mbele: watu hulipa zaidi kwa safu ya kwanza, na mara nyingi wanasikia vibaya kuliko wa nyuma. Spika kubwa zimetundikwa juu na kuelekezwa mbali, kwa hiyo sauti ya mwimbaji inapita juu ya kichwa chako. Unachopata ni gitaa moja kwa moja kutoka kwenye spika yake ya jukwaani, na matoazi. Mahali pa kusikia vizuri ni karibu na meza ya fundi mitambo, mbele yake kidogo, mstari wa katikati. Fundi anarekebisha sauti kwa masikio yake mwenyewe akiwa pale, basi ukiwa karibu naye unasikia anachokisikia. Kwenye ramani ya viti, meza hiyo huonekana kama mstatili mtupu usio na viti. Kata tiketi mbele ya mstatili huo. Epuka viti vilivyo chini ya roshani, maana dari fupi hula sauti za juu.

Kwa hiyo, kati ya hizi mbili, tunasema ukumbi, bila kusitasita. Uwanja uchague kwa sababu moja tu: bendi haipigi penginepo, na wewe umeshaamua kwamba lazima uwe umewaona kabla hawajaacha. Hiyo ni sababu halali. Basi kata tiketi ya sakafuni, nyuma ya umati unaosukumana mbele, usikubali ya juu.

Masikio

Kipimo cha usalama kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, na onyesho la roki linaweza kukaa karibu na hapo kwa muda wote. Chukua vizibo vya masikio. Vile vya sponji hukata zaidi sauti za juu, muziki ukasikika kama uko chumba cha pili. Vyenye kichujio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, hupunguza kwa usawa zaidi na maneno unayasikia.

Kizibo cha sponji kinachochomoka kila mara kimewekwa vibaya. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili kupitia nyuma ya kichwa ili tundu linyooke, kisukume ndani, ukishikilie kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kivimbe. Hata bustanini Malindi, ukikaa mita mbili kutoka spika, unavihitaji.

Safari kutoka Malindi

Tiketi za bendi kubwa huuzwa miezi sita hadi mwaka kabla. Viza haiombwi mapema hivyo. Ya Uingereza huombwa si zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jibu la kawaida huchukua kama wiki tatu. Ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15. Uamuzi ni siku 15, ila unaweza kuvutwa hadi 45. Maana yake ni kwamba unanunua tiketi kabla hujajua kama utaruhusiwa kuingia nchini. Nunua ile inayoweza kuuzwa tena kupitia mfumo rasmi wa mwuzaji, na ndege ikatwe baada ya viza. Afrika Kusini ni rahisi zaidi: tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya huingia bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Bendi kongwe hazipiti huko kila msimu, lakini zikipita, ndiyo safari ya kwanza kuifikiria.

Malindi ina Waitaliano wengi, na si ajabu rafiki au mwajiri akajitolea kukununulia tiketi ya Verona au Milano. Kumbuka sheria ya kule: tangu Julai 2019, tamasha kwenye ukumbi wa watu zaidi ya 5,000 lazima tiketi iwe na jina la anayeingia. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si Babu Ali wala jina la utani la kazini. Likiwa la rafiki yako, unaweza kuzuiwa mlangoni hata kama amelipia yeye. Kubadilisha jina kunawezekana, ila hufanywa mapema na kwa ada.

Ndege ya asubuhi baada ya onyesho usiikate. Bendi ya wazee ikiahirisha usiku mmoja, mara nyingi huurudisha ndani ya siku chache, na aliyejiachia siku mbili anaipata.

Kuna njia ya kati ambayo watu huisahau: basi hadi Mombasa, kisha Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam. Hakuna viza, na bendi za dansi za umri ule ule wa roki zinapiga kwenye kumbi ambamo meza ya mbele iko hatua kumi kutoka gitaa la solo. Si roki, ni kweli. Lakini kama unachotafuta ni kuona watu waliopiga pamoja miaka mingi wakielewana kwa macho, utakipata huko kwa sehemu ndogo ya nauli ya London.

Bustani ya hoteli, Malindi

Bendi ya hoteli isipimwe kwa mizani ya Wembley. Ina wimbo mmoja usioepukika, Jambo Bwana, uliotoka kwa Them Mushrooms mwanzoni mwa miaka ya 1980. Boney M waliuimba pia mwaka 1983. Wapo wanaouchukia kwa kusikia mara elfu. Usikilize kwa sikio la fundi: bendi inayoupiga kivivu itapiga kila kitu kivivu.

Kabla ya kwenda, piga simu hotelini uulize mambo manne. Wasiolala hapo wanaruhusiwa, na kwa kiingilio au kwa kununua vinywaji? Bendi ina watu wangapi? Kuna mpiga dramu mwenyewe, au mapigo yanatoka kwenye kinanda? Wanaanza saa ngapi hasa? Swali la dramu ndilo muhimu. Bendi nyingi zimepungua zikawa watu wawili na kinanda kinachojipigia mapigo, na roki juu ya mapigo ya kinanda haisimami, hata gitaa liwe la nani. Watu wanne wenye dramu, besi, gitaa na sauti wanatosha. Chini ya hapo, nenda kwa ajili ya samaki.

Msimu una uzito wake. Kuanzia Disemba hadi Pasaka, na tena Julai na Agosti, wageni ni wengi na bendi huja kamili. Masika yakianza Aprili, hoteli kadhaa hufunga na wanamuziki hutawanyika. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kitu.

Kinachoharibika Malindi ni tofauti na kinachoharibika ng'ambo. Chumvi ndiyo mkubwa wa matatizo. Nyuzi za chuma karibu na bahari hushika kutu upesi, zikawa butu na zisishike sauti. Tundu la waya kwenye gitaa huota ukungu wa kijani, na hapo ndipo inapotoka ile krr-krr kila mpigaji anapogeuka. Mwanamuziki makini hufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila anapoweka gitaa chini. Ukimwona anafanya hivyo, umefika mahali pazuri. Unyevu wa usiku nao huchezea shingo ya gitaa. Gitaa lililotoka chumba chenye kiyoyozi likaletwa bustanini litahama sauti ndani ya robo saa, kwa hiyo nyimbo mbili za kwanza usizihukumu.

Stima ikipotea, jenereta itawaka, lakini kinanda kinaanza upya na mipangilio ya sauti iliyotengenezwa jioni inaweza kufutika. Bendi yenye uzoefu huendelea na dramu na kuitikia kwa mikono huku fundi akihangaika. Mvumo wa chini usiokoma, mmmm, hata pasipopigwa kitu, kwa kawaida ni waya wa ardhi mbovu au spika za gitaa zilizochomekwa kwenye soketi mbili za mbali. Ukiusikia na hakuna anayeinuka kuutafuta, jua usiku mzima utakuwa hivyo.

Kiti nacho kina hesabu. Sauti huenda vizuri zaidi na upepo kuliko dhidi yake. Kusi inapovuma, Aprili hadi Septemba, inatoka kusini, basi chagua meza ya upande wa kaskazini wa jukwaa. Wakati wa kaskazi geuza, kaa upande wa kusini. Umbali wa mita nane hadi kumi na tano unatosha, katikati ya spika mbili, usiwe na mnazi wala nguzo ya makuti kati yako na spika. Ukisikia mapigo ya upepo kwenye maikrofoni, pu-pu-pu, ni kwamba haina kofia ya sponji. Mwambie mhudumu kwa upole, wanazo, wamezisahau tu.

Kuomba wimbo: usipige kelele jina kutoka mezani. Andika kwenye karatasi, na majina mawili ya akiba, umpe kiongozi wakati wa mapumziko pamoja na chochote cha soda. Omba nyimbo za magitaa mawili na kiitikio kifupi. Ukiwaomba Queen kwa watu wanne wasio na waitikiaji, umewatega.

Lamu ni jambo tofauti. Vyombo hushushwa jeti ya Mokowe, vikapakiwa boti, kisha mkokoteni au punda hadi mlangoni. Kwa sababu hiyo bendi zinazovuka huenda na mzigo mwepesi, na dramu kamili na spika kubwa za gitaa mara nyingi hubaki bara. Anayetaka roki ya umeme asijisumbue kuvuka. Anayetaka kusikia nyuzi zenyewe bila mitambo, barazani, kwa taarabu ya udi aliyoipiga marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa huko huko, avuke bila kufikiria mara ya pili.

Nani achague nini

Kama kuna bendi moja tu moyoni mwako, kiungo chake bado kipo jukwaani, na una akiba ambayo haitagusa karo, nenda ukumbini ng'ambo, na uende mwaka huu. Wazee hawasubiri. Genesis walipiga mara ya mwisho London Machi 2022, Phil Collins akiimba ameketi na mwanawe Nic akipiga dramu. Walioahirisha hadi msimu mwingine hawakupata msimu mwingine.

Kama unapenda roki kwa jumla bila jina maalumu, nauli ya ng'ambo ni fedha iliyopotea. Kwa kiasi hicho unaweza kwenda hotelini kila wiki kwa miaka, ukajuana na mpiga solo, ukajua ni Ijumaa zipi mpiga dramu mzuri yupo.

Na ukiwa unampeleka mzee mwenzako asiyeweza kusimama saa tatu wala kupanda ngazi 200 za uwanja, usilinganishe tena. Kata meza bustanini, upande wa upepo unaofaa, karibu na njia ya choo, na muwahi kabla ya saa mbili usiku ili mchague viti vyenye mgongo.